Miaka elfu ya kukusanyika: shughuli zilivyoijenga Kilwa

Ilikuwa siku ya Ijumaa, mwaka 1331. Sala imekwisha katika Msikiti Mkuu wa Kilwa Kisiwani na Sultani al-Hasan bin Sulaiman anatoka kurudi nyumbani. Njiani anasimamishwa na fukara mmoja wa Yemen. Fukara haombi chakula wala fedha. Anaomba nguo ambazo sultani amezivaa mwilini. Sultani anakubali. Fukara anasema anazitaka saa hiyo hiyo. Basi sultani anageuka, anaingia katika nyumba ya khatibu, anavua, anavaa nguo nyingine, kisha anamwita yule mtu aingie azichukue zile alizoziomba. Fukara anazifunga katika kitambaa, anajitwika kichwani, anashika njia. Watu waliosimama pale wanamsifu sultani kwa ukarimu na unyenyekevu wake.

Habari hii tunayo kwa sababu Ibn Battuta, msafiri kutoka Tangier nchini Morocco, alikuwapo Kilwa na akaisimulia katika kitabu cha safari zake. Alisimulia pia kilichofuata. Mtoto wa sultani alimwendea yule fukara, akazichukua zile nguo na kumpa watumwa kumi badala yake. Sultani alipopata habari ya jinsi watu walivyoshukuru, akaamuru fukara aongezewe watumwa wengine kumi na mizigo miwili ya pembe za ndovu. Kwa tabia hiyo watu walimwita Abu al-Mawahib, baba wa vipawa.

Wengi wanaoisimulia habari hii huishia kwenye ukarimu wa sultani. Mimi siwezi kuwapita wale watu ishirini waliotolewa zawadi mchana wa Ijumaa. Ibn Battuta anasema sultani huyo alikuwa akiwashambulia watu wa bara na kuleta mateka, na kwamba sehemu ya tano ya mateka na mali aliitenga kwa ajili ya masharifu waliokuja kumtembelea kutoka Iraq na Hijaz. Kwa hiyo katika shughuli ile ya Ijumaa walikuwapo sultani, mgeni, khatibu, umati wa waumini, na watu wa bara ambao hakuna aliyewauliza majina yao. Kila mmoja alikuwa na nafasi yake, na nafasi hiyo ilionekana mbele ya wote.

Kilwa tuliyofundishwa shuleni ni ya biashara: dhahabu ya Sofala, pembe za ndovu, vyombo vya kaure kutoka China, shanga za India. Yote ni kweli. Lakini tembea katika magofu ya Kisiwani uangalie yaliyosimama hadi leo. Utaona Msikiti Mkuu, msikiti mdogo wa kuba uliopambwa kwa bakuli za kaure darini, msikiti wa Jangwani, msikiti wa Malindi na makaburi yake, makaburi ya Masheikh Arobaini yanayoliwa na bahari, na mbali kidogo na mji, juu ya mwamba, jumba la Husuni Kubwa lenye ua wa baraza. Sehemu kubwa ya mawe yale ilipangwa ili watu wakutane: wasali, wazike, wapokee wageni, wale pamoja, wamtazame mtawala na mtawala awatazame. Biashara ilileta mali, na mali ikaenda kwenye shughuli. Anayetaka kuijua historia ya Kilwa awaulize watu wa kila karne swali moja: shughuli ilipofanyika, nani aliingia ndani na nani alibaki nje?

Simulizi ya wenyewe inaanza na shughuli. Katika habari za Kilwa zilizoandikwa kwa Kiswahili na kuchapishwa na Mjerumani Carl Velten, kisiwa kilikuwa na wenyewe kabla ya jahazi la Washirazi kufika. Mkubwa wao aliitwa Mrimba, mtu wa kabila la Wamachinga. Mgeni, Sultani Ali, alimpa Mrimba zawadi, akaomba kukaa, kisha akamwoa binti yake. Baadaye akamwomba mkwewe amwachie kisiwa ahamie bara. Mrimba akakubali kwa sharti: atandikiwe nguo chini, azikanyage toka kisiwani mpaka avuke. Sultani akatandika nguo, na Mrimba akaondoka kisiwani akitembea juu yake.

Wanahistoria wamebishana sana juu ya hao Washirazi, walikuwa nani na walifika lini. Kwangu kinachopendeza ni namna wenyeji walivyochagua kukumbuka siku ile. Hawakusema palipigwa vita wala palilipwa bei. Walisema paliozwa binti na palitandikwa nguo. Na nguo za kukanyaga ni jambo ambalo mtu yeyote wa pwani ya kusini analielewa bila kuelezwa, kwa kuwa hata leo mwali anapotolewa nje, shangazi na makungwi hutandika khanga chini, moja mbele ya nyingine, apite bila kugusa udongo. Aliyeisimulia habari ya Mrimba alikuwa akieleza heshima aliyoifahamu.

Habari yenyewe inaendelea. Mrimba alipofika bara alijuta, akakusudia kurudi kwa vita wakati wa maji kupwa, kwani siku hizo mtu aliweza kuvuka kwa miguu. Sultani akasoma Kurani na kutoa kafara, bahari ikakaa, kisiwa kisiunganike tena na bara. Kurani na kafara vimetajwa pamoja, kwa pumzi moja, na msimulizi hakuona sababu ya kuvitenganisha.

Vichimbwa vya pwani vinaonyesha kwamba mchanganyiko huo ni wa kale sana. Katika mji wa Shanga, kwenye visiwa vya Lamu, Mark Horton alichimba katika miaka ya 1980 akakuta kwamba kiini cha mji kilikuwa kiwanja chenye kisima. Ndani ya kiwanja hicho, katika karne ya 8, ukajengwa msikiti mdogo wa miti. Ulipochakaa ukajengwa mwingine juu yake, na mwingine tena, mpaka wa mawe. Dini mpya iliingia kwa mlango wa uwanja uliokuwapo. Huko kaskazini ya Pemba, mahali paitwapo Tumbe, palikuwa na mji mkubwa kati ya karne ya 7 na ya 10 ambao haukuacha msikiti wa mawe. Jeffrey Fleisher, mwanaakiolojia wa Marekani, aliyapima mabaki ya vyombo vya chakula vya pale na kuona kwamba watu walikuwa wakilishana kwa wingi, karamu kubwakubwa za kuvuta wafuasi. Jirani ya Tumbe, mji wa Chwaka ulipoinuka kuanzia karne ya 11, misikiti ya mawe ikawa ndiyo fahari ya mji. Mwenye uwezo aliyekuwa akionekana kwa kulisha watu akaanza kuonekana pia kwa kuwajengea mahali pa kusali.

Kilwa nayo ilipita njia hiyo. Watu walikaa pale tangu karne ya 9 hivi, wakivua, wakifua chuma, wakifinyanga vyungu. Sehemu ya zamani ya Msikiti Mkuu, ile ya kaskazini, ilijengwa kati ya karne ya 11 na ya 12, ikiwa na dari bapa iliyoshikiliwa na nguzo za miti. Ni chumba cha kiasi. Pembeni, mahali pa kutawadhia, kuna kisima, birika, na mawe ya mviringo yaliyopandwa sakafuni kwa ajili ya kusugulia nyayo. Mtu aliyetoka shambani au kwenye dau alifika pale na matope yake, akasugua miguu jiweni, akajimwagia maji, akaingia safu moja na tajiri. Mimi nadhani mawe yale ya kusugulia miguu yanatueleza Kilwa ya mwanzo vizuri kuliko sarafu za dhahabu.

Swali la nani aliingia ndani na nani alibaki nje si la Kilwa peke yake. Hapa naomba msomaji avuke bahari nami kidogo, mpaka kwenye jangwa la Arizona, kusini magharibi mwa Marekani. Huko, kando ya mito ya Salt na Gila, waliishi watu ambao wanaakiolojia wanawaita Hohokam. Walichimba mifereji ya kumwagilia mashamba yenye urefu wa mamia ya kilomita, wakalima mahindi na pamba mahali ambapo mvua ni haba. Tangu karne ya 8 walianza kujenga viwanja vya umbo la yai, vilivyozungushiwa kingo za udongo, ambamo mpira ulichezwa na watu wa vijiji vingi walikutana, wakabadilishana vitu na kuozeshana. Viwanja zaidi ya 200 vimehesabiwa. Kule Snaketown, mji uliochimbwa na Emil Haury katika miaka ya 1930 na tena ya 1960, watu waliosimama kwenye kingo waliweza kuona kila kilichotendeka katikati.

Kisha mambo yakabadilika. Kuanzia karne ya 12 viwanja vya mpira vikaachwa kimoja baada ya kingine. Badala yake vikainuliwa vilima vya udongo vilivyosawazishwa juu, vikazungushiwa kuta, na juu yake zikajengwa nyumba za watu wachache. Kufikia mwaka 1350 hivi, mahali paitwapo Casa Grande, palisimama jumba la udongo la ghorofa nne katikati ya ua wenye ukuta. Mtu wa kawaida aliyesimama nje alijua kwamba jambo kubwa linafanyika ndani, ila hakuliona. Miaka 100 baadaye hivi miji ile ilikuwa imeachwa. Wajukuu wao, Waoodham, wapo hadi leo na bado wanawaenzi wazee wao wa mahali pale.

Karne hiyo hiyo ya 14, bila watu wa jangwa lile na watu wa kisiwa chetu kujuana, al-Hasan bin Sulaiman alikuwa anajenga Husuni Kubwa. Jumba hilo lina vyumba zaidi ya 100. Lina birika la kuogea la pande nane, ua wa baraza wenye ngazi za kukalia, na vishubaka vya ukutani. Halikujengwa mjini, liko mashariki yake, kwenye ukingo wa mwamba unaotazama bahari, na aliyetoka mji wa Kisiwani ilimbidi atembee kulifuata. Mgeni wa meli alipanda kwa ngazi kutoka ufukweni. Neville Chittick, aliyechimba Kilwa kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1950 na kuchapisha matokeo yake mwaka 1974, aliona kwamba jumba lilitumika kwa muda mfupi na kwamba ujenzi wake haukukamilishwa wote.

Sultani huyo huyo aliupanua Msikiti Mkuu kusini, akajenga chumba chenye kuba kubwa, akatoa sarafu zenye jina lake pamoja na sifa za Mungu zilizotungwa kwa vina, upande mmoja ukiitikia mwingine. Shaba yake moja iliokotwa Great Zimbabwe. Ibn Battuta anasema alikaa na mafukara na kula nao. Kwa hiyo haitakuwa haki kumwita mtu aliyejificha. Bado Husuni Kubwa ina maana yake: kwa mara ya kwanza Kilwa, shughuli ya utawala ilipata nyumba yake yenye kuta, mbali na macho ya mji. Na alipofariki, Ibn Battuta anasimulia, ndugu yake Dawud aliyemrithi alikuwa kinyume chake. Masikini waliomwendea waliambiwa kwamba mtoaji amekufa na hakuacha cha kutoa. Wageni wakangoja miezi, wakapewa kidogo, mwisho wakaacha kubisha hodi.

Msikiti uliopanuliwa nao haukudumu. Ulianguka, na tarikh ya Kilwa, yaani kitabu cha habari za kale za mji, inasema watu walisali chini ya vibanda kwa miaka mingi, hadi ulipojengwa upya katika karne ya 15 enzi za Sultani Sulaiman bin Muhammad. Nguzo na kuba tunazozipiga picha leo ni za wakati huo. Miongo kadhaa, basi, sala ya Ijumaa ya mji tajiri kuliko yote ya kusini ilisaliwa chini ya makuti, na mji haukufa.

Lakini anayetaka kuona shughuli za kale kwa karibu zaidi asiishie Kisiwani. Apande mashua aende kusini, Songo Mnara. Mji huo ulijengwa mwishoni mwa karne ya 14 na kuachwa mwanzoni mwa karne ya 16. Kwa kuwa hakuna aliyejenga mji mwingine juu yake, mpangilio wake umebaki wazi: nyumba za mawe zaidi ya 40, misikiti isiyopungua mitano, ukuta wa mji, na katikati uwanja mkubwa. Zamani watafiti waliuona uwanja huo kama nafasi iliyobaki tu, mahali ambapo hapakujengwa kitu. Kuanzia mwaka 2009, Stephanie Wynne-Jones wa Chuo Kikuu cha York na Jeffrey Fleisher wa Chuo Kikuu cha Rice walianza kuchimba kwenye uwazi huo wenyewe, na humo ndimo walimopata mengi.

Katikati ya uwanja kuna makaburi na msikiti mdogo. Nyumba zimeyazunguka, hivi kwamba aliyekuwa akienda kisimani, sokoni au kwa jirani aliwapita wazee wake waliolala pale. Kwenye makaburi zilikutwa sarafu za shaba, pamoja na vijiwe vidogo vyeupe vilivyoletwa makusudi. Sarafu za Kilwa zilikuwa ndogo, za matumizi ya hapa hapa. Mtu aliyeziacha kaburini hakuwa amezidondosha kwa bahati mbaya. Alikuja kuzuru, akaacha kitu, akaenda zake, na mwingine akaja mwaka uliofuata akafanya vivyo hivyo. Mamia ya sarafu nyingine zilikutwa zimefukiwa pamoja chini ya nyumba. Mimi nikisoma habari hizi namwona bibi wa pwani mwezi wa Shaabani, kabla ya Ramadhani, anakwenda makaburini na chupa ya marashi na udi, anang'oa majani, anatandaza upya kokoto nyeupe, anasoma Fatiha, anawaambia waliolala nani ameolewa na nani amezaliwa. Sheikh wa leo huenda asipende sehemu ya mwisho. Bibi ataendelea.

Uwanja wa Songo Mnara ndio jibu la watu wa karne ya 15 kwa Husuni Kubwa. Nyumba za mawe zilikuwa na kuta nene na vyumba vya ndani sana, na shughuli za ndani zilibaki za wenyewe. Kumbukumbu ya wafu ikawekwa nje, katikati, mahali pasipo mlango.

Mwaka 1505 ililetwa Kilwa shughuli ya aina nyingine. Julai ya mwaka huo Wareno chini ya Francisco de Almeida waliuteka mji, Amiri Ibrahim akakimbia, na Wareno wakamtawaza mfanyabiashara Muhammad Ankoni. Walimvisha taji la dhahabu lililokuwa limetengenezwa Ureno kwa ajili ya mfalme wa Cochin, India. Taji lisilokuwa la Kilwa, kichwani mwa mtu asiyekuwa wa ukoo wa kutawala, mbele ya askari wenye bunduki. Mwaka uliofuata Muhammad Ankoni aliuawa, na mwaka 1512 Wareno wenyewe waliondoka.

Sasa tuje bara, maana hadi hapa habari ya Kilwa imesimuliwa na watu wa mawe. Mitole ni kata ya ndani katika Wilaya ya Kilwa, upande wa Njinjo, mbali na upepo wa bahari. Watu wa ukanda huo ni Wamatumbi, Wangindo, Wamachinga, Wamwera, wameoana na kuchanganyika. Wanalima mihogo, mtama, korosho na ufuta. Huko huoni gofu. Mtalii hapelekwi huko. Lakini ukifika wakati mavuno yako ghalani na shule zimefungwa, utasikia ngoma usiku, na utajua kuna wali wanaofundwa.

Jando na unyago wa ukanda huu una mpangilio ambao kila mhusika anaujua kwa moyo. Wavulana hupelekwa porini, hujengewa kumbi, hukaa chini ya ngariba na walezi wao, hufundishwa nyimbo ambazo aliye nje hapaswi kuzielewa. Wasichana hufundwa ndani na makungwi. Kuna mambo ambayo hayasemwi mbele ya asiyepitia, na mwandishi mwenye adabu hayaandiki. Kinachoruhusiwa kuonekana ni siku ya kutoka. Wali wamenyolewa, wamepakwa mafuta, wamevishwa nguo mpya, wameinamisha macho. Wanabebwa begani na wajomba. Kina mama wanapiga vigelegele, wanatunza kwa noti na khanga, jirani analeta jogoo, bibi anacheza mpaka anashikwa mkono apumzike. Kwa familia za Kiislamu, na nyingi ni za Kiislamu, usiku hufungwa kwa maulidi na sahani za pilau. Kurani na mizimu vimekaa ua mmoja tena, kama katika habari ya Mrimba.

Na kumbi? Wavulana wakishatoka, kumbi huchomwa moto, na wao huondoka bila kugeuka nyuma. Jambo hili wanaakiolojia wetu na maofisa wa urithi wanapaswa kulitafakari sana. Shughuli kubwa kuliko zote za bara, iliyokusanya watu vizazi na vizazi, ina kanuni inayoamuru jengo lake liteketezwe. Vivyo hivyo Makunduchi, Unguja, katika Mwaka Kogwa: kibanda hujengwa ili kichomwe. Tukisema urithi ni kile kilichosimama, tumewafuta watu wa Mitole kwenye historia kwa kosa la kufuata mila zao barabara.

Shughuli za bara ziliwahi kutikisa dola. Mwaka 1904, kule Ngarambe, ng'ambo ya milima ya Matumbi, Kinjikitile Ngwale alipandwa na pepo Hongo, akaingia katika maji ya mto, na watu wakasema alitoka siku iliyofuata nguo zake zikiwa kavu. Watu wakaanza kumiminika Ngarambe, Wamatumbi, Wangindo, Wakichi na wengine, wanawake kwa wanaume, koo ambazo zamani zisingekaa pamoja. Alijenga nyumba kubwa ya ibada na aliwapa dawa ya maji. Tunaikumbuka Maji Maji kama vita, iliyoanza Nandete Julai 1905 kwa kung'oa miche ya pamba. Lakini kabla ya vita palikuwa na mwaka mzima wa hija, watu wakitembea siku kadhaa kwenda kuonana na wenzao. Wajerumani walimnyonga Kinjikitile huko Mohoro tarehe 4 Agosti 1905. Umoja ule uliumbwa uwanjani kwake.

Baada ya vita na njaa iliyofuata, dhikri ya tarika ya Kadiriya ilienea kwa kasi. Sheikh Uways wa Barawa alikuwa ameitia nguvu pwani yote, na Bagamoyo iliongozwa na Sheikh Ramiya, mtu aliyeletwa pwani akiwa mtumwa kutoka mashariki ya Kongo. Mwaka 1908 serikali ya Wajerumani ilitaharuki kwa sababu ya barua iliyosemekana imetoka Makka, iliyosambaa Lindi na kuwaamsha watu. Waliokuja kwenye duara la dhikri walikuwa pamoja na wajukuu wa watu wa aina ya wale ishirini wa mwaka 1331. Safari hii hawakuja kutolewa zawadi. Walikuja kushikana mikono na kumtaja Mungu, na baadhi yao wakawa masheikh.

Magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara yaliingizwa katika Orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1981, yakawekwa katika orodha ya urithi ulio hatarini mwaka 2004, na kwa kazi kubwa ya ukarabati yakaondolewa humo mwaka 2014. Kazi hiyo ilistahili kila senti. Lakini Kenya, kwa misitu ya kaya za Wamijikenda, ilifanya zaidi: misitu ilitambuliwa mwaka 2008, na mwaka uliofuata UNESCO ikazitambua pia mila za kaya zenyewe kama urithi unaohitaji kulindwa haraka. Mahali na shughuli yake vikalindwa pamoja. Sisi tumelinda ukuta peke yake.

Njia tunayo, na tulikwisha kuipita. Mwaka 1968 Idara ya Historia ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam iliwatuma wanafunzi vijijini kuandika kumbukumbu za wazee walioiona Maji Maji. Gilbert Gwassa alikwenda Umatumbi na Kilwa, akakaa na wazee, akasikiliza. Wazee wale hawapo tena, na mengi tunayoyajua juu ya Ngarambe tunayajua kwa sababu kuna mtu aliyewafuata na daftari wakati wangali hai.

Makungwi, ngariba, wapiga ngoma na walimu wa maulidi wa Wilaya ya Kilwa wapo leo, wengi wao umri umekwenda, na watoto wao wako Dar es Salaam. Naiomba Idara ya Mambo ya Kale, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na Halmashauri ya Wilaya ya Kilwa wapange kazi kama ile ya 1968, safari hii kwa ajili ya shughuli: nyimbo ambazo wenyewe wataruhusu zirekodiwe, kwa Kimatumbi, Kingindo, Kimachinga na Kimwera, nakala zibaki kijijini kabla hazijapelekwa chuoni, na yale ya siri yaachwe kwa wenyewe. Waanzie Mitole, Njinjo na Kibata, msimu ujao wa mavuno.